Kitanda cha Mvule

3 Februari 1986

Chiriku wangu,

Salamu nyingi. Natumai wewe na mumeo hamjambo, na huyo mgeni tumboni anapiga mateke yake vizuri. Sisi huku wazima, ila pua yangu imeniasi. Nikiwasha tu msumeno, chafya mfululizo, mpaka penseli inanichomoka sikioni! Macho yanawasha, kamasi zinatiririka kama maji. Mama yako anasema ni mafua. Mafua gani ya kunikaa tangu mvua za mwaka jana? Juzi mteja kaniambia nimezeeka. Nikamtolea macho nimjibu, nikapiga chafya, hasira ikaishia hapo.

Wewe ndiye muuguzi, niambie. Ila usiniambie nipumzike. Natengeneza kitanda cha mwanao, cha mvule mtupu. Wewe ulilala kwenye boksi la sabuni kwa sababu baba yako fundi seremala hakuwa na mbao zake mwenyewe. Mjukuu wangu halali kwenye boksi.

Baba yako


17 Februari

Baba mpendwa,

Shikamoo. Sisi hatujambo, mguu tu umevimba kidogo. Nimemweleza daktari wetu habari zako. Akauliza: ana homa? Siku asiyoenda kazini pua inakuwaje? Nikakumbuka ulipokuja kwetu Desemba kwenye harusi ya wifi yangu, ukakaa wiki nzima bila chafya hata moja. Akasema basi si mafua, ni mzio. Vumbi la mbao hilo, na mvule ni mkorofi kuliko zote.

Mwili wako unaliona vumbi kama mwizi, unapiga yowe. Yowe lenyewe ni kemikali inaitwa histamini. Ikimwagika, pua inavimba ndani, inawasha, maji yanatoka. Vidonge hivi vya njano nilivyovitia kwenye bahasha vinaizuia, lakini havilitoi vumbi. Kwa hiyo funga kitambaa puani, mwagia sakafu maji kabla ya kufagia, na huo mvule uache. Mtoto hajui mvule wala msonobari, baba. Meza kidonge kimoja usiku ukienda kulala.

Msalimie mama.

Mwanao, Chiriku


10 Machi

Chiriku wangu,

Hujambo na mguu wako? Sisi tunapumua, na mimi napumua kwa pua zote mbili! Dawa yako kiboko. Kitambaa nacho nafunga, majirani wananiita jambazi.

Ila daktari wenu kanichekesha. Vumbi linanivamia mchana, mimi nimeze silaha usiku nikiwa nakoroma? Mimi nameza asubuhi, na chai, halafu nawasha msumeno. Pua kavu mpaka jioni. Mwili unakuwa mzito kidogo, jana nilisinzia nimesimama na mbao mkononi, mama yako akacheka mpaka akakaa chini. Uzee huo.

Mvule siachi. Kitanda kimebaki upande mmoja tu. Nimekisugua mpaka shavu la mtoto litateleza.

Baba yako


19 Machi

Baba,

Shikamoo. Nisamehe, salamu ndefu sina. Usimeze hizo dawa asubuhi! Zinaleta usingizi, ndiyo maana nikakwambia usiku. Sikukueleza sababu, nikadhani utafuata tu, kana kwamba sikujui. Si uzee, baba, ni dawa. Ukiwa umeimeza usiusogelee msumeno, nakuomba. Kuna dawa nyingine ya kupuliza puani, haileti usingizi, naitafuta hospitali kuu.

Nijibu upesi. Niambie pua inaendeleaje, niambie chochote.

Chiriku


2 Mei

Chiriku wangu,

Shikamoo zako zote nimezipokea, hata zile za barua tatu ambazo sikujibu. Mama yako alitaka kukuandikia, nikamkataza. Hali yako hiyo si ya kupewa habari za ghafla. Mwandiko huu usikutishe, ni wa mkono wa kushoto, bado unajifunza.

Barua yako ya kuniambia niache ilinikuta wodini. Mama yako alinisomea, akaishia katikati. Sikulala, mwanangu. Nilifumba macho tu, nikaegemea mbao, na msumeno haukunisubiri. Vidole vinne vya kulia vimekwenda. Kidole gumba kipo, sijui cha kazi gani.

Usijilaumu. Ulisema usiku, nikajifanya mjuzi. Naumia, sitakudanganya, na naogopa. Msumeno tumeuza.

Kitanda kitakuja na lori la mbao wiki ijayo. Fundi wa jirani alitaka kumalizia ule upande uliobaki, nikakataa. Huo wazi uuegemeze ukutani, mtoto hataanguka.

Uliuliza habari za pua. Imepona kabisa. Mwambie daktari alisema kweli: tangu siku ile sijaingia karakana, na sijapiga chafya hata moja.

Baba yako