Dume wa Mwisho wa Misheni

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Chama cha wafuga teria kimeniteua kuwa mwamuzi wa maonyesho ya Jumamosi, hapa Bombambili. Sababu ni moja: wenzangu waliofundishwa pamoja nami na padre mzee wa misheni namna ya kuwapima mbwa hawa wadogo wafukua panya wote wamekwisha kuitwa na Bwana. Nimekubali — kwa hofu. Dume atakayeshinda ndiye atakayepandishwa kwa majike yote ya chama. Atakayekutwa na kasoro ya kurithiwa atahasiwa. Ndivyo kanuni isemavyo.

Getruda, mtoto wangu wa ubatizo, atamleta Bobi, dume pekee aliyesalia wa ukoo wa mbwa wa misheni. Nitampima kama wengine. Mungu ni shahidi.

Jumatano, 3 Septemba

Kuna jambo. Edmund, mkandarasi wa Msamala, amenunua dume kutoka Arusha. Amemvika sweta, humbeba kifuani kama kichanga, wala haruhusu mtu amguse. Leo, nikitoka misa ya asubuhi, nimemwona bwana mifugo Saimon — mwamuzi mwenzangu! — kibarazani kwa Edmund. Wananong'ona. Waliponiona wakanyamaza. Shikamoo zao zikaja pamoja, upesi mno.

Nikauliza wanajadili nini. Mvua tu, mzee wetu, akasema Edmund.

Mvua! Mwezi wa tisa!

Ijumaa, 5 Septemba

Saimon amekuja nyumbani. Anashauri kesho tuwatazame mbwa kwa macho tu. Eti mgongo wangu usitaabike kwa kuinama. Nikamwuliza tangu lini bwana mifugo akautibu mgongo wa katekista. Akacheka. Jasho likamtoka.

Kanuni humtaka mwamuzi ampapase kila dume, athibitishe kwamba korodani zote mbili zimeshuka. Moja ikibaki tumboni, wana nao huweza kuirithi kasoro hiyo. Sasa nimeelewa: dume wa Arusha ana siri, na Saimon anaifunika.

Nimesali rozari kwa hasira. Haifai. Lakini kesho nitapapasa. Kila dume!

Jumamosi, 6 Septemba, mchana

Nimetangaza mbele ya watu wote: mikono, si macho. Edmund akainamisha kichwa. Nikaanza na mbwa wake. Mama mmoja akapaza sauti — katekista, ukipotewa na kitu huko utuambie tukusaidie kutafuta! Uwanja mzima ukacheka. Mimi sikucheka. Meno safi. Kifua chema. Korodani mbili. Nikarudia. Mbili!

Kisha Bobi. Getruda akamshika kichwa, akamwambia tulia, huyu ni babu yako. Nikapapasa. Moja. Nikatafuta upande wa pili. Nikatafuta tena.

Saimon akaniinamia sikioni, akaungama. Alimtibu Bobi mwezi uliopita, akagundua kasoro. Hakuthubutu kumwambia Getruda. Mimi alijua nisingelegeza kanuni. Basi alimwomba Edmund, mpinzani mwenyewe, aridhie tutumie macho. Na Edmund akaridhia! Kwa kumhurumia Getruda. Na kwa heshima yangu.

Nikasema nakwenda kusali kwanza. Nimejifungia katika chumba cha katekesi. Sijasali. Naandika. Nje kipaza sauti kinadai jina la mshindi. Wale wawili watanyamaza, nami nikinyamaza — hao niliowadhania walaghai.

Na Getruda je? Anajua? Hakika hajui. Au anajua?

Mlango unabishwa. Ni yeye. Anasema ameleta birika na beseni, aninawishe mikono.