Kamati ya Mazishi ya Mguu wa Joyline

Mpendwa mshauri, Shangazi Nyatichi, naomba msaada kabla hawajasimamisha hema, maana kwetu hapa Awendo kuna matanga na hakuna aliyekufa.

Binti yangu Joyline ana miaka kumi na mitatu na ana saratani ya mfupa, iko hapo juu ya goti, sisi mwanzoni tulimkanda na maji moto tukidhani ameumia kwenye mpira wa shule, hadi hospitali kubwa wakatuambia ukweli, akatiwa dawa za dripu mpaka nywele zikaisha, na sasa Daktari Momanyi anasema uvimbe umeshika mishipa, mguu hauwezi kuokolewa, ukatwe Jumatatu ijayo mapafu yakiwa bado safi. Nililia, yawa, jamani, lakini nikakubali, na Joyline alikuwa amekubali kabla yangu.

Shida ni shemeji yangu Stanley, ndugu mkubwa wa mume wangu Maroa, ambaye hakuna mazishi huku ameacha kuwa mwenyekiti. Aliposikia hospitali huwa wanachoma viungo aliruka, ati mguu wa damu yetu hauchomwi kama takataka, utazikwa nyumbani kwa heshima, na jioni hiyo hiyo kamati ikaundwa. Wakaanza kubishana uzikwe wapi, kwa sababu Joyline ni msichana, na akiolewa mbali, tuseme Rusinga, je, yeye azikwe kule kwa mumewe na mguu ubaki Awendo ukimngoja? Halafu siku: Stanley anataka Jumamosi ndio watu wako huru, baba yangu kule Mbita ni mzee wa kanisa, Msabato, anasema Jumamosi hata kidole hakizikwi, tena mjomba wa Tarime hafiki kabla ya mwisho wa mwezi na bila yeye hakuna kutupa udongo, na fundi wa majeneza naye akapiga simu kuuliza kama mguu utavaa kiatu, na mimi, Mungu anisamehe, nikajibu raba nyeupe.

Sasa Maroa amekataa kutia sahihi ya upasuaji mpaka kamati ikubaliane, eti mwezi mmoja si kitu. Jana Joyline aliwakuta wamekaa akauliza, "Baba mkubwa, kwa hayo mazishi mimi nitapewa kiti ama nitakaa jikoni na watoto?" Stanley akaendelea kuhesabu viti vya hema. Shangazi, naogopa kumkosea mume wangu, lakini naogopa zaidi Jumatatu ipite. Nifanye nini?

Mama Joyline, Awendo

Shangazi Nyatichi anajibu: Mama Joyline, pole sana mama, na ukishaipokea hiyo pole keti nikugombeze. Raba nyeupe! Mtoto anangoja kisu cha kumponya, wewe unachagulia mguu viatu?

Sikiza. Mtoto ambaye saratani haijatoka kwenye mfupa, akipata dawa zote na upasuaji kwa wakati, ana nafasi nzuri ya kupona. Wengi hupona, wakakua, wakaolewa, wakagombana na mashemeji kama wewe. Ikishaingia kwenye mapafu, wanaopona ni wachache. Kwa hivyo mwezi mmoja ni kitu, tena kikubwa. Ugonjwa huu haumngoji mjomba wa Tarime.

Maroa si mtu mbaya. Anaogopa, na mwanamume akiogopa hukimbilia kamati. Kesho mpeleke kwa Daktari Momanyi, aonyeshwe picha ya mfupa, aulize maswali yake yote. Akiendelea kusitasita, wewe pia ni mzazi, sahihi yako inatosha. Tia! Atanuna, atapoa. Na baada ya upasuaji kuna dawa tena, kwa hivyo hata Joyline akitapika usimkatishe, halafu uulizie mguu wa bandia mapema.

Mila siichezei. Waambieni hospitali kabla ya Jumatatu kwamba mnautaka mguu, muuzike kimya bila hema, siku yoyote isiyo Jumamosi, ili baba yako kule Mbita aridhike. Mjomba atakuta kaburi. Na Joyline akiolewa Rusinga mkose pa kuupeleka mguu? Hilo ni tatizo zuri, nawaombea mlipate.

Joyline naye asingoje wazee wamjibu. Mwambie Shangazi amesema kiti chake ni cha mbele, kando ya mwenyekiti, na apakuliwe wa kwanza.