Maharagwe Ambayo Koko Hataki Yapikwe

Nyalukemba, Ibanda,
Bukavu.
Tarehe 22 Septemba 2025

Mpendwa Tantine Consolate,

Nakusalimu kwa upendo kutoka hapa nyumbani. Hujambo huko Kampala? Cherehani bado inakuletea kazi? Na ule mgongo uliokuwa ukikusumbua, umetulia? Tonton Constantin na watoto wanaendeleaje? Sisi tunaamka kila siku na tunamshukuru Mungu, ingawa siwezi kuandika kwamba sote tu wazima. Nitakueleza kwa nini. Nivumilie tu niende polepole, maana nikianza na mwisho kalamu itanishinda.

Ninakuandikia barua kwa sababu simu ya Maman imeharibika, na pia kwa sababu unanijua. Kwenye simu maneno hunikimbia, nabaki kusema ndiyo Tantine, ndiyo Tantine, mpaka laini inakatika. Jirani yetu Papa Floribert anakuja Kampala kumwona binti yake, naye ameahidi kukukabidhi bahasha hii mkononi.

Papa bado hajarudi kutoka Mwenga. Tangu benki zifungwe hapa mjini, mshahara wake ulikatika, na mwezi wa sita akaenda kujaribu bahati kwenye dhahabu. Alituma salamu mara moja kupitia kwa dereva, kisha kimya. Maman anaondoka alfajiri kungoja wavuvi, ananunua sambaza, dagaa wa ziwa letu, na kuziuza kwa bakuli huko Nyawera. Unakumbuka kwamba juma la mbalamwezi sambaza hazipatikani. Siku hizo anarudi amebeba beseni tupu kichwani, na anaingia kwa mlango wa nyuma ili mdogo wangu Rosette asimkimbilie.

Kwa hiyo mpishi wa nyumba ni mimi, nikitoka shuleni. Yale uliyonifundisha jikoni wakati wengine wakicheza mpira ndiyo yanayotuweka hai. Steve wa nyumba ya pili akiniona mbele ya jiko la mbabula, hupitisha kichwa juu ya ua na kuniita Maman Delphin, aulize leo nimewapikia batoto nini. Mimi huinamisha uso juu ya sufuria. Siku moja Maman alimsikia. Akamwambia, "Cheka tu, Steve. Siku utaoa, bibi yako atakuja hapa kuniomba Delphin akufundishe." Tangu hapo amepunguza.

Sasa niingie kwenye jambo la kitunga. Najua hukusahau mapatano uliyoyafanya na Mama Georgette kabla hujahama: nyumba chache za mtaa wetu zimpelekee mbegu na mikono wakati wa kupanda, kisha kila Jumamosi atuletee kitunga cha kile ambacho shamba lake la upande wa Lwiro limetoa. Mvua ikiwa nzuri tunashiba naye, mvua ikikosa tunakosa naye. Ulisema hivyo mbele ya watu wote uani kwetu, nawe ulitoa neno kwa jina la nyumba hii. Mimi nilikuwa mdogo, lakini nilisimama karibu nawe nikiwa nimeshika kitunga cha kwanza.

Nataka ujue kwamba mapatano yako yalitulea vizuri. Nilijifunza miezi zaidi kwa kufungua kitunga kuliko kwa kalenda. Mwezi wa kumi ulikuja na mushogoro, yale majani machanga ya maharagwe, nikayapika na karanga ya kusaga kama ulivyonionyesha. Mwaka ukianza yalikuja maharagwe mapya ambayo hayahitaji kulowekwa, yanaiva kabla makala ya jiko hayajashika moto vizuri. Baadaye maboga, uyoga wakati wa mvua kubwa, mtama, na katika kiangazi kabichi na lengalenga, ule mchicha wa bondeni. Kitu kikija kwa wingi tulikichoka, Rosette akaililia kabichi kwa hasira, na Maman akasema anayelia juu ya sahani iliyojaa anamchekesha shetani.

Mwaka huu kitunga kilianza kupungua mapema. Watu wenye bunduki walipita kwa Mama Georgette na kubeba mavuno yote yaliyokuwa ndani, hata yale aliyoyatenga kwa kupanda. Mwezi wa nane alituletea mihogo na viazi vitamu vidogo vyenye matundu. Nilikata sehemu mbovu, nikapika kilichobaki pamoja na matembele, nikaweka maji mengi ili sufuria ionekane imejaa. Rosette aliuliza kwa nini chakula kinaogelea.

Lakini chini ya kitanda cha Koko kulikuwa na maharagwe.

Ni yale ambayo mama yako huyachagua kila mavuno, akiwa ameketi kwenye mkeka, punje kwa punje: mekundu, meupe, yenye madoa kama yai la kware, na yale madogo meusi yanayovumilia jua. Huyachanganya yote, kwa sababu anasema mwaka ukiwaua ndugu wawili, wa tatu atabaki. Alikuwa ameyafunga ndani ya kitambaa na kuyanyunyizia majivu. Maman alipomwomba achukue kidogo tu kwa ajili ya mtoto, Koko alijibu bila kupandisha sauti: "Ile haiko maharagwe. Ile iko mwaka ya kesho." Maman hakurudia ombi. Unajua kwamba kwetu mbegu ni za mwanamke aliyezichagua, na hakuna mkwe anayeweza kuzigusa bila ruhusa yake.

Ni wakati huohuo ambapo Koko alitangaza novena, sala zake za siku tisa. Alisema anafunga kwa ajili ya Papa arudi salama. Sote tulifurahi. Maman alimwekea mshumaa, akaniambia nisimsumbue kwa sahani saa za sala. Novena iliisha, akaanza nyingine kwa ajili ya amani. Hiyo nayo ikaisha, akaanza ya marehemu. Tantine, nani angemzuia mwanamke mzee kusali? Hata jumuiya ya parokia ilimsifu, wakasema nyumba yenye mwombaji kama huyo haiwezi kuanguka.

Mimi ndiye ninayepakua, nami ndiye ninayeosha. Nikaanza kuona kwamba sahani ya Koko inarudi safi mno, kana kwamba imelambwa, hali yeye kila siku anazidi kuwa mwepesi chini ya kitenge. Nikamuuliza Rosette, kwa kuwa wao hulala kitanda kimoja. Alinijibu kwa furaha, "Koko ananipa yake yote. Anasema iko ya Yesu, na Yesu alishakula."

Sikuweza kumaliza kuosha vyombo. Nilielewa kwamba si sala iliyomnyima chakula. Alikuwa ametafuta mlango ambao hatungethubutu kuugonga. Alijua kwamba akila nasi, chakula hakitatosha, na kisipotosha, siku moja mkono wa mmoja wetu utaingia chini ya kitanda.

Wiki hiyo mwalimu wa biolojia alitufundisha namna mwili unaokosa chakula unavyoanza kujila wenyewe, kwanza mafuta, halafu nyama, halafu moyo. Wenzangu waliandika. Nilitaka kuinua mkono niulize inachukua muda gani kwa mtu mzee, lakini niliogopa kwamba nikisema neno "mzee" nitalia mbele ya darasa.

Nilimwambia Maman. Alikaa chini kwenye kizingiti na harufu yake ya sambaza, hakuvua hata kilemba. Kisha akaenda kupiga magoti mbele ya kitanda cha Koko, akamsihi kwa Mashi, lugha ya kwetu, na kwa Kiswahili, akamwambia mume wake akirudi akute mama yake hayupo, yeye atajibu nini. Koko alimpangusa machozi kwa ncha ya kitenge na kumwambia akapumzike, kesho wavuvi watarudi.

Juzi Jumamosi Mama Georgette alikuja. Mvua za kwanza zimeshanyesha na udongo umelainika, ni wakati wa kupanda. Alikuja na kitunga chenye viazi vinne na unga kidogo wa mtama, na kitambaa kitupu cha kubebea mbegu. Alikuwa amepita nyumba nyingine zote za mapatano, na kila mahali alikuta mbegu zimeshapita kwenye sufuria. Hakuwalaumu. Alisema yeye mwenyewe, kama zisingeibiwa, hajui kama asingezipika.

Koko alikuwa amevaa kitenge chake cha misa. Alikataa nimsaidie. Alivuta lile furushi kutoka uvunguni kwa mikono yake, akalifungua juu ya mkeka na kuanza kuyamimina maharagwe yote katika kitambaa cha Mama Georgette. Punje nyingine zilikuwa zikiruka kando, na Rosette anaziokota na kuzirudisha moja moja kwa adabu, akimeza mate.

Unanijua, Tantine, sisemi mbele ya wageni. Siku hiyo nilisimama mlangoni, nikasikia sauti yangu ikisema: "Koko, tubakizie sufuria moja. Moja tu."

Mama Georgette aliacha kushika kitambaa, akasema kwa upole kwamba mtoto ana haki, yeye atapanda kipande kidogo na kubakiza kingine. Hapo ndipo Koko alikasirika, na ni mara ya kwanza kumwona hivyo. Alisema, "Consolate alitoa neno ya nyumba hii. Alisema hatutakuja siku moja mikono mitupu. Mutoto wangu iko mbali, haweze kusimamisha neno yake. Ni mimi nitaisimamisha."

Ilikuwa kwa ajili yako. Nilikuwa nimefikiri ni ukaidi wa wazee, au hofu ya njaa ya mwaka ujao. Kumbe alikuwa analinda neno lako.

Mama Georgette alifunga kitambaa akiwa ameinamisha macho. Aliahidi kwamba mushogoro wa kwanza utakuwa wetu, mwishoni mwa mwezi wa kumi kama mvua itaendelea. Aliondoka na mwaka wa kesho mgongoni, kama mtoto.

Nilidhani baada ya hapo Koko atakula, kwa kuwa hakuna tena kitu cha kulinda. Nilipika uji wa mtama wa Mama Georgette, mwembamba, nikauchuja kwa kitambaa safi. Alikishika kikombe kwa mikono miwili, akanusa, akaniambia nimejua kupika, kisha akamwita Rosette. Alisema neno halijasimama mpaka mbegu ziote, atakula nasi mushogoro ukija. Jana hakuweza kwenda misa. Miguu yake imevimba, ukibonyeza kidole shimo linabaki. Muuguzi wa kituo cha afya alikuja kumwona, akasema anahitaji kula kidogo kidogo, kila saa chache, kuanzia sasa, na akatutazama sisi kana kwamba tunamficha chakula. Nilimfuata mpaka barabarani nikamuuliza kuhusu mwisho wa mwezi wa kumi. Alitikisa kichwa.

Tantine, sikuandikii ili utume kitu. Uji upo. Maman amepunguza sambaza za kuuza ili nimtwangie chache ziwe unga wa kuchanganya. Steve mwenyewe, yule wa kunicheka, ameleta parachichi mbili za mama yake na kuziweka kimya juu ya ukuta. Chakula cha mtu mmoja mgonjwa tutakipata. Ninachokosa ni mtu wa kumwamuru. Maman ni mkwe, mimi ni mjukuu, padri kwake ni mtoto aliyezaliwa jana. Nimemsihi mpaka nimeishiwa maneno, na mimi ndiye unayesema nina maneno mengi ya vitabu. Kila nikiingia na kikombe ananitabasamia, na tabasamu hilo linanitisha kuliko miguu yake.

Binti wa Papa Floribert huko ana simu, na Papa Floribert ana jirani hapa mwenye simu nzima ambaye amekubali tumletee Koko karibu nayo, au nipokee ujumbe nimsomee. Usingoje kumaliza kazi iliyo kwenye cherehani. Usimwandikie kwa kirefu na usimuulize habari, maana atakujibu kwamba wote ni wazima. Mwambie Mama Georgette amepokea mbegu. Mwambie zimeingia udongoni, neno lako limesimama, na wewe mwenyewe uliyelitoa unamfungua. Halafu ongeza yale ambayo hakuna mwingine katika nyumba hii mwenye haki ya kumwambia: "Mama, kula."

Msalimie sana Tonton Constantin, umbusu Gloire, na umwambie Gentil kwamba kitabu chake cha mimea bado ninacho na ninakitunza. Maman anakusalimu, hajui nimeandika yote haya. Rosette amechora kitunga pembeni mwa ukurasa, usishangae. Mungu aliyekupeleka mbali akulinde huko, na akupe kusoma mistari hii kabla hatujachelewa.

Ni mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na ninayekungoja,

Delphin