Salamu Nisizoweza Kujibu

Kwako Mama Mutua,

Hamjambo hapo nyumbani? Mvua imeshuka Kitui, au bado mnayakodolea macho mawingu? Mimi nipo hapa Garissa, nahema, lakini nipo.

Sikutaka kukutia hofu, ila kukaa na jambo hili peke yangu kumenishinda: sauti imenitoka. Nilidhani ni mafua, nikanywa tangawizi. Sasa unatoka upepo tu, na maji nikinywa yananipalia. Daktari alinisikiliza kifua akasema si koo, ni moyo. Ile homa ya viungo ya utotoni iliharibu mlango mmoja wa moyo, damu ikarundikana, mshipa mkubwa uendao mapafuni ukavimba na kukandamiza mshipa wa fahamu unaoendesha kamba ya sauti. Kamba ya upande wa kushoto imelala kabisa.

Na huku, katika vita hivi vya serikali na waasi wanaoitwa shifta, asiyejibu salamu ni adui. Watu wakija na punda kuchota maji kwenye pampu ya mtoni ninayoiendesha, hukusalimu kwanza: habari ya nyumba, ya watoto, ya mifugo. Mimi natikisa kichwa tu. Wakaacha kunisalimu. Niliumia, mke wangu. Siku nzima nimezungukwa na watu, hakuna anayenitazama. Mwishowe Bi Halima, Msomali muuza maziwa, ambaye kila “p” kwake ni “b”, akanipasulia:

"Kwa nini wewe hajibu salamu? Sisi bia ni shifta kwako?"

Nikajaribu kusema. Alipousikia ule upepo akashika mdomo. "Bole, ndugu yangu. Bole sana."

Wiki iliyopita nilichelewa kufunga pampu. Askari mgeni aliniona nikipanda kutoka mtoni na spana mkononi, akanielekezea bunduki. "Simama! Sema jina!" Nilisema, angesikia nini? Nilijua nakufa. Bi Halima, aliyekuwa akimfungia punda mitungi, akajitupa kati yetu: "Usibige! Huyu mtu ya maji, hana sauti!"

Mimi niliachwa. Yeye akachukuliwa kuhojiwa. Amerudi juzi, na hata asante sikuweza kuitamka.

Nitatoka na msafara wa malori ya jeshi, nikapimwe moyo Nairobi. Kuhusu sauti, daktari hakuniahidi kitu.

Msalimie mama, ila habari za bunduki mfiche. Msalimie na kaka yako Kioko, mbishi wetu. Mwambie sasa atanishinda kila siku.

Nikifika nyumbani nitagonga mlango, maana hodi siwezi kupiga. Ukiuliza ni nani usijibiwe, usiogope, wala usimwite jirani na panga lake. Fungua. Ni mimi.

Mumeo,
Baba Mutua