Nusu Dakika Dirishani

Upanga, Dar es Salaam
Jumapili, 14 Oktoba 1973

Mama mkwe wangu mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta una nguvu za kufunga, na kwamba lile goti lililokusumbua wakati wa upepo wa kusi sasa linakuruhusu kuinuka bila kushika ukuta. Huku kwetu sote tu wazima. Salma ameng'oka jino la mbele, na kila akitaja jina lake anatoa mluzi asioutaka, basi anakasirika sisi tukicheka. Dada yangu Mwajuma, anayenisaidia kumlea, anakusalimu sana. Anasema ule muhogo mkavu ulionitumia mwezi wa nane umekwisha na mtoto bado anauulizia.

Najua unashangaa kupata barua iliyokuja kwako wewe mwenyewe. Siku zote nimekuwa nikimwandikia Mwalimu Magreth, naye anakusomea. Safari hii nimemwomba akukabidhi bahasha ikiwa imefungwa, maana nimekuona ukisoma ubaoni kwenye darasa la kisomo, na yaliyomo humu hayafai kupita mdomoni mwa mtu mwingine. Nimeandika herufi kubwa kubwa, zimeachana, kama zile za kitabu chenu. Ukichoka pumzika, karatasi haiendi popote.

Tena nimeona barua ni kitu kizuri kwa watu kama sisi. Miaka minane nimekuwa mkweo na hatujawahi kuzungumza ana kwa ana hata mara moja. Mwaka ule wa kwanza nilipokaa kwenu, kama desturi inavyomtaka mwoaji, ulikuwa unakohoa kabla ya kupita uani ili nipate kugeukia ukutani. Siku moja tulikutana njia ya kisimani, wewe na ndoo kichwani, mimi na jembe begani. Ulikaa chini papo hapo ukaigeuzia mikorosho uso, maji yakakulowesha mpaka kiunoni, na mimi nikakimbilia ndani ya shamba la watu. Sharifa alitucheka wiki nzima. Alisema mama yake na mume wake wanajifichana kama watoto wanaocheza kombolela.

Nakumbuka pia uliwahi kumtuma aniulize ni kazi gani hiyo ya mwanamume mzima kuchungulia ndani ya kisanduku. Nilijibu kwa mkato kwamba napiga sinema za serikali. Lilikuwa jibu la kivivu. Leo nitakujibu vizuri, kwa sababu bila hivyo hutalielewa kosa nililokukosea.

Sinema, Mama, ni picha nyingi zisizotembea. Ndani ya kamera kuna utepe mrefu wa filamu, na kila sekunde moja zinapigwa humo picha ishirini na nne. Zikirushwa kwenye shuka kwa mwendo uleule, jicho halipati nafasi ya kuzitenganisha, linaona mtu anatembea. Kazi yangu kwanza ni mwanga. Ukiwa mchache, nalifungua tundu la lenzi. Ukiwa mkali nalibana, la sivyo kila kitu kinatoka cheupe kama unga. Halafu napima umbali kati ya lenzi na mtu, maana ukikosea hatua mbili tu uso unatoka ukungu. Na kamera isitetemeke. Ndiyo sababu ya ile miguu mitatu ya chuma ambayo wanamgambo wenu waliidhania mzinga, wakatuweka chini ya ulinzi mpaka mwenyekiti wa kijiji alipokuja kucheka nasi. Siwalaumu, kwa vita vinavyosikika ng'ambo ya Ruvuma.

Lakini kubwa kuliko yote ni kujua mahali pa kusimama. Bwana Erasto, mkubwa wangu, ndiye anayeamua nini kipigwe. Yeye ananiambia kila siku kwamba picha ya mbali inaonyesha watu wako wapi, ya kati inaonyesha wanafanya nini, na ya karibu, uso peke yake, inaonyesha moyoni mwao mna nini. Anasema filamu isiyo na picha ya karibu ni sawa na kumsalimu mtu akiwa ukingo mwingine wa mto. Naielewa kazi hiyo na naipenda, ila mimi nimelelewa kwingine. Kwetu kukaa mbali ndiyo heshima yenyewe.

Tulipotumwa Madimba mwezi wa nane kupiga filamu ya kisomo cha watu wazima, nilikuja na hofu ambayo hata Erasto sikumwambia. Sharifa alikuwa ametimiza miaka mitatu kaburini, na tangu msiba sikuwa nimekanyaga kwenu. Nilijiuliza utanipokeaje. Mtu akifiwa na mke, ukwe nao unaweza kufa. Kama ungenitazama usoni na kunisalimu kama unavyomsalimu mpita njia yeyote, ningejua kwamba mimi kwenu si kitu tena.

Tulipokuwa tunashusha vyombo pale shuleni nilikuona kwa mbali unakuja na wenzako, daftari kwapani. Uliponitambua ulivuta kanga mpaka puani, ukageuka, ukazunguka nyuma ya darasa kwenda kuingilia mlango mwingine. Wenzangu wakaniuliza nimemfanya nini yule mama mpaka ananichukia vile. Niliinama nikajifanya nafunga mkanda wa begi, kwa sababu machozi yalikuwa yananitoka kwa furaha.

Siku mbili za kwanza nilipiga picha za mbali na za kati. Darasa, migongo, mikono inayoshika chaki. Siku ya tatu Erasto akataka uso, na alikuwa amekwishauchagua. Alisema anamtaka yule mama wa benchi la dirishani, kwa kuwa mwanga wa asubuhi unamwangukia upande mmoja, na anasoma kwa kidole kama vile duniani hakuna mtu mwingine. Ulikuwa wewe. Nikamweleza kwamba yule ni mama mkwe wangu, siwezi. Kwao bara mtu anakula meza moja na mama mkwe wake, akadhani natania. Alipoona sitanii alisema basi nisikukaribie, nitumie lenzi ndefu. Hiyo ni lenzi inayomvuta mtu aliye hatua ishirini akaonekana kama mmekaa mkeka mmoja. Nisimame nje, chini ya mkorosho, hutajua, na sekunde kumi zinatosha.

Asubuhi ile ulimtuma Mwalimu Magreth aje aniulize nitapiga nini, ili ujue utakavyokaa. Nikamjibu kwamba leo ni ubao na mikono tu, uketi kwa raha zako. Huo ndio uongo wangu, Mama. Erasto hakunituma kuusema. Niliutunga mwenyewe, nikauleta kwako kwa mdomo wa mtu mwaminifu, na wewe ukauamini ukaiacha kanga mabegani.

Nilisimamisha kamera chini ya mkorosho, nikaijaza kamba kwa kuzungusha ufunguo wake, nikalifungua tundu la lenzi mpaka giza la darasani likapungua. Kwanza niliona ukungu tu. Nikazungusha pete ya lenzi taratibu, ukungu ukajikusanya, na aliyetokea mle ndani alikuwa Sharifa. Sharifa wa miaka sitini.

Sitakuelezea uso wako, adabu hairuhusu. Nitasema kitu kimoja. Ulipofika kwenye neno gumu uliubana mdomo wa chini kwa meno, upande wa kushoto, vilevile alivyokuwa akifanya yeye anapotunga uzi kwenye sindano. Mama, mimi sina picha ya mke wangu. Nimepiga madaraja, nimepiga viwanda, nimepiga ng'ombe wakiogeshwa, na mke wangu sikumpiga hata siku moja. Alikuwa akiniomba, nami namwambia filamu ni mali ya serikali, asubiri nikipata ya kwangu. Ile picha moja tuliyopigwa studio ya Rahaleo tulipooana, alicheka mpiga picha alipomwambia atulie, na uso wake ukatoka ukungu. Salma huishika akaniuliza mama alikuwa na macho ya namna gani. Najuta, na majuto yangu hayana pa kwenda.

Kwa hiyo sikuishia kwenye sekunde kumi. Kamera yetu inakwenda kwa kamba kama saa ya ukutani. Ukiijaza inakwenda karibu nusu dakika, kisha inasimama yenyewe. Niliiacha iende. Nikatazama kidogo, halafu aibu ikanishika. Nikajiona kama mtu anayechungulia uani kwa watu, nikaondoa jicho na kutazama maua ya mkorosho yaliyodondoka miguuni pangu. Kamera iliendelea peke yake, inalia kama cherehani, mpaka kamba ikaisha. Tukafungasha vyombo tukarudi Mtwara mjini, na sikukutumia hata neno la kuaga.

Filamu ilikwenda kusafishwa ikarudi wiki iliyopita. Juzi mchana niliitazama na Salma kwenye mashine ndogo tunayounganishia vipande. Unajua tangu akiwa na miaka mitatu hajafika huko. Alikutazama, kisha akauliza kama huyo ndiye mama. Nikamwambia ni bibi, na mama alifanana naye. Akaniomba niirudishe nyuma. Nikairudisha mara nne, na kila mara alikuwa anasogeza uso karibu zaidi na kioo mpaka pumzi yake ikawa inakiweka mvuke.

Ni mara hiyo ya nne nilipoliona sawasawa jambo ambalo siku ile sikuliona, kwa kuwa nilikuwa natazama chini. Karibu na mwisho unanyanyua kichwa. Nadhani ulisikia mlio wa kamera. Unatazama nje, moja kwa moja, mpaka ndani ya lenzi. Mkono wako unakwenda kwenye pindo la kanga, unalishika, unalivuta kidogo. Halafu unaliachia. Hujifuniki wala hugeuki. Unabaki hivyohivyo, uso wazi, unatazama, mpaka picha inakatika.

Tangu juzi nimekosa raha. Labda jua lilikuwa machoni mwako na hukuona kitu zaidi ya mkorosho. Labda uliniona, ukaghadhibika, na kule kunitazama ndiko kunifukuza ukweni. Au labda ulijua kijana wa watu amesimama pale kwa sababu gani, ukaamua kunipa. Nyuso za watu ndiyo kazi yangu ya kila siku, lakini huu wako nashindwa kuusoma.

Nakuomba radhi, katika mwezi huu ambao watu wanasameheana. Nakuomba radhi kwa uongo, na kwa kukutazama. Ila nisikufiche tena: siwezi kusema kwamba najuta kuiona sura ile.

Sasa sikiliza, maana muda ni mfupi. Filamu itamalizwa baada ya Idi, na mwezi wa kumi na mbili gari la sinema litafika kwenu na kutundika shuka kwenye ukuta wa shule. Uso wako utakuwa mkubwa kama mlango, na Madimba nzima inajua ni nani aliyeshika kamera. Sitaki uinamishe kichwa mbele ya wenzako kwa kosa langu. Hukumu ni yako. Ukisema nikate, nitamwambia Erasto kwamba mwenye uso amekataa. Nitakikata kipande chote kwa mkono wangu na kukuletea ukichome mwenyewe jikoni kwako. Kazini watanikaripia, si kitu. Ukisema niache, watu wataona zile sekunde kumi za mwanzo, mama anayesoma kwa kidole. Zilizobaki, zile za mwisho, hazitarushwa kwenye shuka lolote. Hizo nitamwekea Salma.

Bahasha ya majibu iko humu ndani, ina stempu na anwani nimeshaiandika. Usimwombe Mwalimu akuandikie. Neno moja linatosha, kata au acha, na nimekuona ukisoma na kuandika magumu kuliko hayo.

Nisalimie Mwalimu Magreth na wenzako wote wa darasani, hasa yule mama aliyetaka kujua kama kamera inaonyesha na mbavu. Siku ya Idi ukienda makaburini, msomee Sharifa Fatiha kwa niaba yangu, umwambie mtoto wake ameng'oka jino. Mwajuma anarudia salamu zake, na Salma amechora kitu pembeni hapo chini ambacho anasema ni wewe dirishani.

Mimi huku nimegeukia ukutani, Mama, nasubiri ukohoe.

Wako mtiifu, mkweo ikiwa bado unaniita hivyo,

Ismaili