Nafasi Niliyoiacha Wazi

Mjukuu wangu Nyemo,

Shikamoo yako imefika hapa Nzuguni, marahaba. Mama yako bado yuko kitandani, ila jana alikunywa uji kidogo. Bibi yako anakusalimu.

Unauliza kama utaje ugonjwa wa mama yako kwenye maombi ya ufadhili wa uzamivu wa hisabati. Unaona kuuandika ni kama kumtabiria mabaya.

Enzi za Mwingereza nilikuwa wa kwanza darasani kwa hesabu. Nikaletewa fomu ya kuomba msaada wa masomo ya chuo, Uganda. Ili wajue nani asaidiwe, waliuliza baba ana ng'ombe wangapi. Idadi niliijua, maana niliwachunga mwenyewe. Lakini kwetu Bahi anayetaja idadi ya ng'ombe anawaitia kifo, na baba alinikataza. Nafasi ile nikaiacha wazi.

Bwana shauri, yule ofisa Mwingereza wa wilaya, alipoisoma alicheka. "Unataka kusomea hesabu, na ng'ombe wa baba yako huwezi kuwahesabu?" Akanirudishia. Ndoto yangu ya kufundisha hisabati chuoni iliishia pale mezani pake.

Mwaka uliofuata mvua ilikataa. Yaliyotupata sitayaeleza. Siku ng'ombe wa mwisho alipoanguka, baba alikuja akakaa chini kando yangu, akasema polepole, "Sasa unaweza kuandika."

Fomu sikuwa nayo tena.

Barua yako nimemsomea mama yako. Amesema uandike, tena uandike sasa.

Babu yako