Tiki za Jumamosi

Alhamisi, 27 Februari

Mvua tangu alfajiri. Sare ya kwaya haijakauka, siku ya tatu leo, inanuka kama mbwa aliyelowa. Nimeipiga pasi hivyo hivyo ikiwa mbichi. Asubuhi vipindi viwili chuoni, nikasinzia katika cha pili. Mchana nimeshuka Ibighi kanisani kupanga viti vya semina ya vijana. Jioni nimerudi chumbani kwangu, Msasani ya huku milimani, tope mpaka magotini.

Ratiba ya sapu, mitihani ya marudio, imebandikwa. Mbinu za Utafiti, Ijumaa tarehe 21 Machi. Nikifeli mara ya pili nadisko, chuo kinanifukuza, narudi kwa mama kuchuma chai. Mikono ya mama naijua ilivyo. Sitaki.

Mkufunzi amejitolea kutusaidia sisi wenye sapu, kila Jumamosi saa tatu asubuhi. Jumamosi saa tatu asubuhi ndipo ninapofundisha watoto wa kipaimara kanisani. Mshika mbili moja humponyoka. Wahenga hawakuwa na sapu, lakini walijua.

Jumamosi, 1 Machi

Nimekwenda chuoni. Watoto wa kipaimara nimemwachia dada Subilaga wa kwaya. Kawaimbisha saa nzima, kawaruhusu waende.

Sikumuaga Mchungaji. Mafunzo yangu ya vitendo idara ya vijana yako chini yake, na bila ripoti yake chuo hakinipi stashahada. Akijua naliacha darasa ataandika nini? Bora asijue. Ni Jumamosi tatu tu.

Daftari la mahudhurio lilikuwa kwenye begi langu. Nilisahau kumpa Subilaga. Hakuandika jina la mtu.

Jumatano, 5 Machi

Ibada ya Majivu jioni. Nimesimama mlangoni kugawa vitabu vya nyimbo, kichwani nahesabu aina za sampuli. Mchungaji kanipitia, kanitania: "Mwalimu Lugano, umekonda hivyo, chuo kinakula wanafunzi siku hizi?" Nikacheka. Nilitaka kulia.

Sijaomba wiki nzima. Nafundisha watoto sala, mwenyewe siombi. Hilo sijamwambia mtu.

Jumamosi, 8 Machi

Chuoni tena. Leo nimeelewa sampuli kidogo. Watoto wameimbishwa tena.

Daftari sikumpa Subilaga. Safari hii sikusahau. Akiandika yeye, mwandiko wake utaonekana.

Jumapili, 9 Machi

Kabla ya ibada Mchungaji kasema anataka kuliona daftari la kipaimara. Kipaimara ni Jumapili ya Matawi, anaanza kupanga majina. Nikasema liko nyumbani. Lilikuwa kwapani kwangu, ndani ya begi.

Wakati wa matangazo nikaenda chumba cha nyuma, nikalijaza. Watoto ishirini na watatu, Jumamosi mbili. Sikuweka tiki kwa wote, mjinga tu ndiye angefanya hivyo. Nikawakosesha wawili watatu, wale watundu wanaotoroka kwenda kucheza mpira. Wengine tiki. Nilipofika kwa Tumpe sikufikiri hata kidogo. Tumpe hakosi. Ana miaka kumi na minne, tangu Agosti hajakosa, anakaa mstari wa mbele na sweta lake la shule, anauliza maswali yanayonishinda. Tiki, tiki.

Nikalipeleka ofisini. Mchungaji kafungua, kasema, "Kazi safi." Nikasema asante, akanirudishia.

Jumamosi, 15 Machi

Chuoni. Mara ya mwisho. Mvua imepiga bati mpaka mkufunzi akaacha kuongea, tukawa tunamtazama anavyoandika ubaoni.

Jioni nimejaza tiki za leo. Mtu huzoea haraka.

Jumapili, 16 Machi

Baada ya ibada Subilaga kaniambia Tumpe haonekani. Hajamwona Jumamosi zote tatu. Anadhani anaumwa, yule mtoto ana tatizo la moyo tangu mdogo.



Kanuni ya usharika ni moja na watoto wote wanaijua, nimewafundisha mimi. Mtoto akikosa mara mbili mfululizo, mwalimu na mzee mmoja wa kanisa wanakwenda kwao kumwona. Ila mzee haondoki mpaka aone daftari. Na daftari langu linasema Tumpe alikuwepo Jumamosi zote tatu, jana ikiwemo.

Naweza kwenda peke yangu. Anaishi na bibi yake huku chini, mwendo wa nusu saa. Lakini nikienda, bibi atawaambia wa jumuiya ya mtaa, jumuiya watawaambia wazee, wazee watafungua daftari. Nitakwenda Jumanne, kimya kimya.

Jumanne, 18 Machi

Sikwenda. Mvua. Na nimesoma sura mbili.

Jumatano, 19 Machi

Nitakwenda baada ya sapu. Siku tatu si nyingi. Mtu mwenye moyo mbovu ana siku zake za kulala na siku zake za kuamka, ndivyo alivyokuwa hata mwaka jana.

Najisemesha. Najua.

Ijumaa, 21 Machi

Sapu imekwisha. Maswali matano, nimejibu manne vizuri, la tano nimelipapasa. Nimetoka nikala wali na maparachichi mawili, nikalala mchana kama mtu aliyepigwa.

Jumamosi, 22 Machi

Leo nimerudi darasani. Nimeita majina, mara ya kwanza tangu Februari. Kwa Tumpe kimya. Mtoto mmoja, jirani yake, kasema, "Mwalimu, Tumpe kalala. Miguu imevimba. Hatoki nje ila akitolewa." Tangu lini? Tangu mwezi uliopita.

Nimeandika sifuri. Sifuri ya kweli, baada ya tiki tatu za uongo. Imeonekana peke yake kama jino lililong'oka.

Nilipanga nitoke darasani niende moja kwa moja. Saa sita mvua ikashuka, ile ya kufunga njia. Nikangoja kwenye baraza la kanisa mpaka saa kumi. Haikukatika. Ningeweza kulowa. Watu wanalowa kila siku hapa, hakuna aliyekufa kwa kulowa. Nikasema kesho, baada ya ibada.

Jumapili, 23 Machi

Ametangazwa kwenye matangazo. Baada ya sadaka, kabla ya wimbo. Tumpe, kijana wetu wa kipaimara, amefariki alfajiri ya leo nyumbani kwa bibi yake.

Nilikuwa nimevaa viatu vya kutembelea kwenye tope. Nilikuwa nimejiandaa kwenda.

Jioni Mchungaji kaniita ofisini. Kwetu mtu hazikwi bila historia yake kusomwa: alizaliwa lini, alibatizwa lini, alishiriki vipi kanisani. Asiyeshiriki, watu hunong'ona mpaka mchanga unapomwagwa. Mchungaji alitaka bibi yule apate faraja, asikie mjukuu wake alivyokuwa mwaminifu. Kaniomba daftari, kalifungua. Kachukua kalamu, kanakili.

Nilikuwa nimekaa mbele yake. Meza tu katikati. Kama ni kusema, ilikuwa pale. Kaniuliza kama nina la kuongeza kuhusu marehemu. Nikasema alikuwa anauliza maswali mazuri.

Jumatatu, 24 Machi

Tumezika.

Niandike yote, nisijifiche hapa pia.

Watu wengi. Mikungu ya ndizi imepangwa ukutani, akina mama jikoni, wanaume upande wa barabarani chini ya turubai. Bibi kakaa kwenye mkeka karibu na jeneza, kanga mbili, hakulia. Aliyekuwa analia ni Mama Zuhura, jirani, muuza vitenge. Yeye ni Mwislamu, wazazi wake walitoka pwani. Akina mama jikoni walinisimulia bila kuulizwa: ndiye aliyekuwa anakuja kila asubuhi kumsaidia bibi kumwogesha Tumpe, ndiye aliyembeba mgongoni walipokwenda hospitali. Wiki nne. Wakasema pia, kwa sauti ya chini, kwamba kutoka kanisani hakuja mtu.

Tumeimba. Mchungaji kasimama na karatasi. Kasoma kuzaliwa, kasoma ubatizo. Kisha kasoma kwamba binti huyu alipenda mafundisho kuliko vyote, hakukosa darasa tangu Agosti, na hata Jumamosi ya tarehe 15 mwezi huu alihudhuria.



Mama Zuhura kasema kwa sauti, kila mtu kasikia: "Jumamosi ipi hiyo?"

Hakusema kwa ubishi. Aliuliza kweli. Watu waliokaa karibu naye wakatazama chini. Mzee mmoja kakohoa. Mchungaji kaitazama karatasi yake mara ya pili, kana kwamba kosa liko kwenye macho yake, halafu kaikunja, kasema tuombe.

Bibi kainua kichwa. Hakumtazama Mchungaji. Alizungusha macho taratibu upande wa kwaya, mtu kwa mtu, mpaka akanifikia. Hapo akaacha kutafuta.

Jumanne, 25 Machi

Sijala. Sijakwenda chuoni. Njia ya mwongo fupi, wanasema. Yangu ilikuwa fupi, lakini aliyefika mwisho wake si mimi.

Jumatano, 26 Machi

Nimejaribu kujitetea humu nikafuta kurasa mbili. Kwamba daktari alishasema zamani vali ya moyo wa mtoto haifungi vizuri. Kwamba hata ningekwenda asingepona. Huenda ni kweli. Lakini sikuombwa nimponye. Niliombwa nimtembelee.

Alhamisi, 27 Machi

Nimemwambia Mchungaji. Tangu mwanzo: chuo, Subilaga, chumba cha nyuma, tiki. Nilidhani atafoka. Kavua miwani, kaiweka mezani. Kasema alisimama mbele ya maiti ya mtoto akasoma uongo, na hatasahau. Kisha kaniuliza kama nimemwambia bibi. Nikasema bado. Kasema nimeanza mahali rahisi.

Nilichukia aliposema hivyo. Kwangu halikuwa rahisi. Ila kasema kweli.

Jumapili, 30 Machi

Baraza la wazee limekaa. Nimesimamishwa. Ripoti haitaandikwa, chuo kitapewa barua, nitarudia mafunzo ya vitendo mwaka ujao mahali pengine wakinipokea. Darasa kapewa Subilaga, na daftari lake mwenyewe. Watoto wengine watapata kipaimara Jumapili ya Matawi kama ilivyopangwa.

Mama kapiga simu, kasikia kwa watu. Hakunigombeza. Kaniuliza nakula nini.

Ijumaa, 4 Aprili

Matokeo ya sapu yametoka. B. Wenzangu wamenibeba juu juu pale ubaoni, wamenipigia vigelegele. Nimecheka nao. Nilipofika chumbani nimekaa kitandani na viatu vyangu, sikusikia chochote. Si furaha, si huzuni. Nilitegemea angalau moja.

Jumamosi, 5 Aprili

Leo nimekwenda kwa bibi wa Tumpe. Nimetembea. Kulikuwa na ukungu, si mvua.

Nyumba iko chini ya barabara, ndani ya migomba. Kaburi liko nyuma, udongo bado mwekundu. Bibi alikuwa amekaa kizingitini anamenya ndizi. Nikainama nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, "Ugonile, bibi." Akaitika, akanisogezea kigoda.

Nikamwambia yote. Sikulia, nilijikataza, kilio changu kisije kikawa kazi yake. Hakuinua macho kwenye kisu mpaka nilipomaliza.

Kisha akaongea, polepole, Kiswahili chake kikichanganyika na Kinyakyusa. Tumpe alimwambia kanisa lina kanuni: ukikosa mara mbili, mwalimu anakuja. Basi Jumamosi ya pili, darasa lilipokwisha kule, akaomba avalishwe gauni la kanisani. Bibi akafagia uwanja, akamkalisha kwenye kiti hapo mlangoni aone njia. Wakakaa mpaka mvua ikawarudisha ndani. Jumamosi iliyofuata wakafanya hivyo hivyo. Ya mwisho hakuweza kukaa, akaomba mlango uachwe wazi.



Akaniuliza hizo Jumamosi nilikuwa wapi. Nikasema nilikuwa chuoni, nasoma, nilikuwa na mtihani.

"Ukafaulu?"

Nikasema nilifaulu.

"Haya," akasema. Akatikisa kichwa mara mbili, kama mtu aliyeuliza bei akajibiwa. Kisha akaingia ndani, akatoka na kisu kingine, akanipa. Tukamenya ndizi mpaka zikaisha.